Waya wa Chumba cha Walimu

Tandika, 27 Februari 2025

Kwako baba mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huku hatujambo, joto tu ndilo linalotutoa roho. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Kilwa pale Rangi Tatu, pamoja na miwani yako ambayo fundi ameitia mkono mpya. Najua masikio yako hayataki tena simu, na ujumbe wa simu wewe mwenyewe umeshasema herufi zake ni za siafu, kwa hiyo nitaendelea kukuandikia hivihivi.

Dada yako, Shangazi Mwanakombo, ni mzima na anakusalimu. Bado yuko na sisi pale chuoni Temeke, mimi kwenye kompyuta na yeye kwenye usafi, na asubuhi ndiye anayefungua madirisha kabla hatujafika. Mwezi wa saba wataamua kama wanampa ajira ya kudumu au mkataba wake ndiyo umeisha. Tangu marehemu mume wake atutoke hajapata kazi yenye mafao, kwa hiyo hii ameishika kwa mikono miwili. Muombee dua.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu. Mtandao wa chuo unakufa. Sisemi unapungua kasi, nasema unakufa. Huu ni mwezi wa tatu mfululizo, na kila mara ni baada ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi wa jumla. Jumatatu watu wanafika, kompyuta zote zimeganda, mhasibu hawezi kupokea ada, wanafunzi wamejipanga nje ya mlango wangu kama kwa mganga. Swichi, yaani kile kisanduku kinachogawa mtandao vyumbani, inawasha taa zake zote kwa pamoja bila kupumzika. Nikiizima na kuiwasha, baada ya muda mfupi inarudi vilevile. Mpaka nichomoe nyaya zote ndipo inatulia, halafu narudisha kwanza zile ambazo wenyewe wanapiga kelele, na nyingine polepole. Wiki inayofuata kila kitu kiko sawa na mimi sijui nimetibu nini.

Bwana Projestus, mkuu wetu wa utawala, anasema kuna mtu anatuhujumu. Ananiangalia mimi anapolisema. Wewe umefanya kazi ya mitambo ya simu maisha yako yote. Uliwahi kuona kitu kama hiki?

Ni mimi mwanao,
Najma


Kilwa Masoko, 9 Machi 2025

Mwanangu Najma,

Waalaykum salaam. Marahaba, na Ramadhani karimu. Miwani nimeipata, mkono mpya unabana kuliko wa zamani, mwambie fundi kichwa changu si cha mtoto. Minazi inazaa. Yule jogoo uliyemchukia tumemfuturu.

Swichi zenu sizijui. Ila hilo la taa zote kuwaka kwa pamoja nalijua jamaa yake. Msikitini ukisogeza kipaza sauti mbele ya spika, sauti inatoka, inaingia, inatoka tena, mpaka watu wazibe masikio. Hakuna aliyepiga kelele, ni sauti ileile inajizungukia. Sisi kwenye mitambo tulipoona hivyo tulitafuta mahali njia ilipojirudia yenyewe. Tulianza na yale tuliyoyagusa wenyewe siku hiyo.

Kwa hiyo huyo bosi wako aache kutafuta mhujumu. Siku hiyo ya usafi, nani anagusa nini? Anzia hapo.

Mwambie Mwanakombo avae viatu akipiga deki. Nimemwambia miaka na miaka, hasikii, na mimi ndiye ninayeitwa kiziwi.

Baba yako,
Mwinshehe


Tandika, 3 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Nimekutumia kanzu kwa kondakta yuleyule, usiseme ni ndefu kabla hujaivaa.

Ulisema kweli. Jumamosi ya usafi nilibaki chuoni na saumu yangu. Usafi ulipoisha tu, mtandao ukafa mbele ya macho yangu. Sikuchomoa kitu. Nilipita chumba kwa chumba nikiangalia kuta, na katika chumba cha walimu nikaukuta. Kuna waya mmoja ambao mwalimu huchomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Ijumaa anaondoka na kompyuta yake, ncha moja ya waya inabaki ukutani, ya pili iko sakafuni. Sasa niliukuta ncha zote mbili zimechomekwa ukutani, kitundu hiki na kitundu cha jirani. Umefutwa vumbi, umenyooshwa, umebanwa nyuma ya meza usionekane.

Mtandao unatoka kwenye kitundu kimoja, unaingia kwa cha pili, unarudi kwenye swichi, na swichi inautuma tena. Ujumbe mmoja unazunguka na kila mzunguko unazaa mwingine, mpaka hakuna nafasi ya kazi ya mtu. Ni spika yako ya msikitini kabisa.

Aliyefanya hivyo hakuwa na ubaya. Siku ya usafi wa jumla anakuja afisa afya wa kata kukagua, na mwaka jana tulipoteza alama kwa nyaya zinazoning'inia. Bwana Projestus akabandika tangazo kuwa hataki kuona waya unaning'inia popote. Basi kuna mtu aliyetii tangazo. Nimemjua kwa namna alivyoupanga. Nimeuchomoa na sijamwambia mtu yeyote.

Bwana Projestus amekubali kununua swichi mpya, zile unazoweza kuziamuru. Zikifika nitazipanga ili jambo hili lisiweze kutokea tena, hata mtu akichomeka waya kwa namna gani. Kwa hiyo hakutakuwa na haja ya kumtaja mtu.

Shangazi hajambo. Anasema viatu vinateleza.

Mwanao,
Najma


Kilwa Masoko, 20 Aprili 2025

Mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua imekata njia, mabasi yalilala upande wa pili, na barua yako ilifika imelowa pembe mpaka nikaianika juani pamoja na dagaa. Usishangae ikikufikia hii ikiwa na harufu.

Kanzu ni ndefu.

Umenieleza waya umefutwa vumbi, umenyooshwa, umebanwa. Umenieleza na tangazo la ukutani. Mwenye mikono hukumtaja. Umeandika kurasa nzima ukimzunguka mtu mmoja, na mimi barua zako nazijua tangu ukiwa shule.

Sikuulizi jina. Nakuuliza kama umemwambia. Mtu anayekosea bila kujua anaambiwa, basi. Inachukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mwinshehe


Tandika, 6 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua ilinuka dagaa kweli, wenzangu ofisini wakafungua dirisha. Nimefurahi njia imefunguka.

Swichi zimefika na nimeshindana nazo wiki nzima. Wewe unapenda mitambo, acha nikueleze.

Kwanza ni mzunguko. Swichi hizi zinazungumza. Kila moja inatuma ujumbe mfupi wa kujitambulisha, na zikigundua kuna njia mbili za kufika mahali pamoja, zinakubaliana kufunga moja na kuiweka akiba. Hilo ni kati ya swichi na swichi. Kwa vitundu vya vyumbani nimeweka ukali zaidi. Hapo hapatakiwi kusikika sauti ya swichi, panatakiwa kompyuta tu. Kitundu kikisikia ujumbe wa swichi, hata kama ni swichi yenyewe inajisikia ikirudi, kinajifunga palepale na jina lake linaonekana kwenye skrini yangu. Chumba kimoja kinakosa kitundu, chuo kizima kinaendelea.

Pili ni kutambuana. Hili alilitaka Bwana Projestus, ajue nani kachomeka nini na wapi. Ukichomeka kompyuta, swichi haikufungulii mpaka kompyuta ijitaje jina na neno lake la siri. Swichi haiamui yenyewe, inakwenda kuuliza kwenye kompyuta kuu ambako majina yote yameandikwa, ikijibiwa ndiyo, inafungua. Siku ya kwanza niliwasha utaratibu huo kwenye vitundu vyote kwa mkupuo mmoja, na kimoja kati ya hivyo ndicho nilichokuwa nimechomeka mimi. Kingine ndicho kilichokuwa kinakwenda kwenye hiyo kompyuta kuu. Nikajifungia nje mimi, na swichi haina pa kuuliza. Ilibidi niende na waya maalumu nichomeke kwenye mgongo wa swichi yenyewe ili nizungumze nayo ana kwa ana. Bwana Projestus alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

Chumba cha walimu nimekiacha nje ya kutambuana. Pale kuna mashine za zamani za kuchapisha ambazo hazijui kujitaja, na walimu wa muda wanaokuja na kompyuta zao. Pale unalinda ule ukali wa mzunguko peke yake, na unatosha. Mwisho wa Aprili niliufunga waya ule kabatini, mwezi huu sitafunga kitu. Nataka kuona.

Umeuliza kama nimemwambia. Baba, tuliache hilo. Kuna watu ambao mtu huwezi kuwasimamia mbele na kuwaambia umekosea. Nimeliondoa kosa lenyewe, nadhani inatosha.

Shangazi anasali, anafanya kazi, anahesabu miezi.

Najma


Kilwa Masoko, 19 Mei 2025

Najma,

Maelezo ya mitambo nimeyapenda, nimeyasoma mara mbili. Ulivyojifungia nje nimecheka mpaka jirani akaja kuangalia.

Hayo mengine hayakunifurahisha. Sasa najua ni nani, maana kuna mtu mmoja tu duniani ambaye wewe huwezi kumsimamia mbele. Mwambie kabla hajaambiwa na mwingine.

Baba yako


Tandika, 12 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Idi imepita salama, nyama tulipata, na wewe natumaini jirani alikukumbuka. Mvua zimekwisha, usiku kuna kabaridi. Nimeanza kufikiria kuhama Tandika, vyumba vya Mabibo vimenivutia, lakini bado.

Kazini swichi zimefaulu. Jumamosi ya mwisho wa Mei watu walifanya usafi, na Jumatatu kila mtu alikuta mtandao wake. Mhasibu hakujua hata kama kulitokea kitu. Kitundu kimoja tu kilijifunga, nikakifungua. Bwana Projestus amenisifu mbele ya wakuu wa idara, mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Shangazi yuko Pugu kwa rafiki yake Bi Hamisa, amepata siku chache za kupumzika. Anakusalimu sana.

Nitakuandikia zaidi nikitulia.

Najma


Kilwa Masoko, 18 Juni 2025

Najma,

Salamu za Mwanakombo nimezipata. Na yeye amezipata, maana nilipomaliza kuisoma barua yako nilimpa aisome. Yuko hapa kwangu, barazani, amekaa kwenye mkeka wangu tangu kabla ya Idi. Pugu hakufika. Alikudanganya kwa sababu hakutaka umwonee huruma, nawe ukanidanganya mimi sijui kwa sababu gani.

Nitakueleza niliyoyasikia, yaani niliyoyasoma midomoni mwake, maana alikuwa anasema polepole ili nishike. Anasema Jumatatu ile skrini yako ilionyesha kitundu cha chumba cha walimu, na wewe ukamwonyesha bosi wako kwa furaha kuwa mtambo umefanya kazi. Bosi akauliza nani alikuwa chumba kile Jumamosi. Watu wa usafi. Akauliza yupi. Ukasema hujui. Basi akawarudisha nyumbani wafanya usafi wote watatu mpaka uchunguzi uishe, na kufika saa ya chai chuo kizima kinasema wanaiba nyaya wakauze shaba. Mwanakombo alikufuata ofisini kwako kukuuliza kuna nini. Ukamwambia, "Pole shangazi, ni utaratibu tu wa ofisi."

Dada yangu, mama wa watu, anaitwa mwizi wa shaba, na wewe unamwambia utaratibu.

Mimi nilimweleza. Nilichukua kamba ya kuanikia nguo, nikafunga ncha moja kwenye nguzo hii na nyingine kwenye nguzo ya pili, nikamwambia huu ndio waya na huu ndio ukuta. Alielewa kabla sijamaliza. Hakulia wala hakubisha. Aliuliza jambo moja, wewe ulijua tangu lini. Nikamwambia tangu Ramadhani. Sikumficha, na usinilaumu. Kisha akaenda kupika.

Najua utasema ulimheshimu. Alikulea mama yako alipougua, alikuogesha, alikupeleka shule, huwezi kumwambia umekosea. Sikiliza nikuambie. Umemheshimu mpaka umemfukuzisha kazi. Angekuwa mtu baki ungemwambia Jumatatu ileile ya kwanza, naye angekuwa kazini leo.

Mwezi wa saba ni wiki mbili zijazo. Fanya linalokuhusu.

Mwinshehe


Tandika, 6 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Sikukuandikia haraka kwa sababu sikutaka kuandika kabla sijafanya. Nilipoisoma barua yako nilikaa kitandani na aibu yangu, na asubuhi nilikwenda kwa Bwana Projestus kabla hajakaa.

Nilimwambia yote. Nilimwambia aliyechomeka ni Mwanakombo, ni shangazi yangu, na nilikuwa najua. Nilimwambia amefuata tangazo ambalo yeye mwenyewe amelibandika, na kwamba kile kitundu cha jirani kisicho na mtu nilitakiwa mimi kukichomoa kwenye swichi tangu mwanzo, haikuwa kazi ya mpiga deki kujua kipi ni kizima. Alinisikiliza akigeuzageuza kalamu. Akasema jina langu sasa ameliandika mahali pake, na hilo tutalizungumza baadaye. Wale wenzake wawili warudi kazini kesho yake. Huyo shangazi aje aeleze mwenyewe, ndipo ataamua kuhusu ajira.

Shangazi alirudi kutoka kwako Ijumaa, unajua. Ofisi ilimpigia aje, yeye hakunipigia. Alikuja chuoni Jumanne, amevaa baibui lake jipya na viatu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Projestus na kumwomba aje chumba cha walimu. Mimi niliitwa nije na kompyuta yangu. Walimu watatu walikuwa wanasahihisha mitihani.

Akaokota waya sakafuni. Akasema, "Mie nilikuwa nafanya hivi, baba." Akachomeka ncha moja, akaipapasa kuhakikisha imekaa. Akachomeka ya pili. Akarudi nyuma akasimama, mikono ameifumbata, anasubiri kitu kianguke.

Hakikuanguka kitu. Kwenye skrini yangu alama moja ya taa ilizimika, na likatokea jina la kitundu na neno la kwamba kimefungwa. Mwalimu mmoja aliendelea kutuma alama zake bila kuinua kichwa. Shangazi aliniuliza, "Ni hiki tu?" Nikamwambia ni hicho tu, shangazi. Akauchomoa, akaukunja kiganjani vizuri kama anavyokunja kila kitu, akamkabidhi Bwana Projestus. Alimwambia waya wa mtu aondoke nao mwenyewe akiondoka, mfanya usafi asiachiwe kukisia. Bwana Projestus alibaki ameushika. Alasiri tangazo lilibadilishwa, na jana ameniambia barua ya ajira ya Shangazi imesainiwa. Ya kwangu ya onyo nayo imesainiwa. Sina malalamiko.

Nilimfuata kwenye korido nikamwomba radhi. Hakusimama, tulikuwa tunatembea. Aliuliza, "Miezi yote ile ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akasema, "Na kila Ijumaa unakuja kwangu Charambe unakula." Akaenda kuchukua ndoo yake.

Ijumaa hii sikujua kama niende au nisiende. Nilikwenda. Alinifungulia, akaitikia shikamoo yangu, akanikaribisha kwenye mkeka. Alikuwa amepika chakula cha mtu mmoja. Alikitazama, akanitazama, kisha akasogeza sinia katikati, tukala.

Mwanao,
Najma